Barua ya Kukataliwa Iliyorudishwa Mara Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha uchapaji; Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kumuaga Mwenzetu; Mama mzazi wa mwenzetu, uliyefunga duka lako la vitambaa siku yenye wateja wengi kwa ajili yetu; wakuu wa idara, mafundi wa mashine, akina dada na akina kaka wa ujalidi; majirani zetu wa duka la vipuri, ambao kadi haikuwafikia lakini habari ya soda iliwafikia; na wewe, binti yangu, uliyesababisha mashine hizi zinyamaze mchana kweupe: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake. Kama kuna cheo nilichokiruka, naomba aliyerukwa anisamehe, kwa maana orodha ya wageni niliyokabidhiwa na Kamati ilikuwa na walakini, nami nimeirudisha.

Naomba radhi pia kwa kusimama hapa nikiwa mtu ambaye, kwa haki, hakupaswa kuwapo. Mimi nilistaafu miaka tisa iliyopita. Barua yangu ya kustaafu ilisema nimekitumikia kiwanda hiki kwa miaka arobaini na mmoja, na mstari uliofuata ukasema kwamba siku ile nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Niliweka alama pambizoni, nikairudisha ofisini kwa heshima, nikaketi kuingojea. Bado naingojea. Simlaumu mtu, Mheshimiwa Mkurugenzi, na wala sisemi haya ili utazame chini. Nataka tu wageni wajue kwa nini mzee huyu bado ana ufunguo wa chumba cha wasomaji.

Kwa wale ambao hamjapata kukiingia chumba hicho, kiko kati ya ukumbi wa mashine na ujalidi, vitabu vinakotiwa majalada, chembamba kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili. Kina meza moja ya mteremko, viti viwili vinavyotazamana, na trei mbili. Trei ya kushoto ni ya karatasi zilizoingia, ya kulia ni ya zilizosomwa. Msomaji mmoja husoma kwa sauti, neno kwa neno, mkato kwa mkato, na mwenzake humfuatisha kwa kalamu nyekundu. Makosa ya herufi tunayamaliza wenyewe, hayo ni vumbi la kupangusa tu. Bali jambo lisilokaa sawa katika maana si mali yetu kulibadili, hilo tunaliwekea alama na kuandika pembeni, "Mwandishi athibitishe." Kisha wasomaji wote wawili hutia sahihi, na karatasi hurudi kwa mwenyewe. Huo ndio mwiko wa chumba chetu: karatasi iliyoingia trei ya kushoto haitoki bila kusomwa, na ikishasomwa humrudia aliyeiandika, awe nani, awe wapi.

Mnacheka kule nyuma. Najua mnachokicheka. Fundi wetu wa mashine kubwa, ambaye ninyi mnamwita Kelele na ambaye mimi humwita fundi, aliwahi kumwandikia barua ya mapenzi dada mmoja wa ujalidi, na barua ile kwa bahati mbaya ikachanganyika na risiti zilizoingia trei ya kushoto. Ningefanyaje? Iliandikwa humo kwamba hali wala halali kwa ajili yake. Nikaweka alama: "Mwandishi athibitishe, jana saa saba alionekana akila sahani mbili." Iliandikwa kwamba macho ya dada yule ni nyota. Nikaweka alama: "Ngapi?" Ilirudi kwake na maswali kumi na moja. Fundi alikasirika siku mbili, ya tatu akaiandika upya, na wote tuliomo humu tumeona matokeo, maana matokeo yenyewe yameketi mstari wa pili na mtoto mgongoni.

Sasa naomba nimseme tunayemuaga. Anisamehe, kwa sababu shuleni kwetu mapadri walitufundisha kwamba kumsifu mtu mbele ya uso wake ni kumtegea shimo, nami nimekuwa mzee bila kujifunza namna nyingine.

Kiti cha kunitazama kilikuwa cha marehemu mke wangu kwa miaka ishirini na sita. Yeye alisoma, mimi nilifuatisha. Alipotangulia mbele ya haki, kiti kile kilikaa miaka miwili bila mtu. Nilijisomea mwenyewe kwa sauti na kujifuatisha mwenyewe kwa kalamu, jambo ambalo kwa kanuni zetu ni sawa na mshtakiwa kupanda kitini kwa hakimu. Ndipo siku moja alipoingia binti mwenye bahasha ya vyeti, shahada ya kwanza na ya uzamili, zote za fasihi ya Kiingereza. Akaviangalia vile viti viwili.

"Shikamoo, Babu. Hapa pana mtu?"

"Marahaba. Hapana mtu, binti yangu. Samahani."

"Samahani ya nini sasa?" akasema, na akaketi.

Ameketi miaka kumi na mmoja. Amesoma kwa sauti mitihani, kalenda, vitabu vya risiti, maelezo ya dawa ya mifugo, na kadi za harusi za watu ambao wengine tumekwisha kuwachapia kadi za harusi ya pili. Je, alinung'unika? Alinung'unika sana. Lakini kila mchana, chakula kikiisha, alifungua riwaya nene ya Kiingereza ya zamani na daftari lenye mistari, akawa anahesabu. Siku moja nilimwuliza anahesabu nini.

"Watu wanaofungua milango, Babu."

Nilifikiri ni uchovu. Akanieleza. Katika riwaya hizo, bwana mkubwa akifika nyumbani kwa bwana mwenzake, kuna mtumishi anayefungua mlango. Anasema, "Karibu, bwana yumo," kisha anatoweka, haonekani tena hadi kitabu kinakwisha. Yeye alitaka kujua wanakwenda wapi. Wakishafunga mlango wanafanya nini? Wamesikia nini kupitia mlango huo? Kitabu kingekuwaje kama siku ile mtumishi angesema bwana hayumo? Alikuwa amekwisha kuwapata mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na sentensi yake moja. Na alitaka kuandika tasnifu ya uzamivu juu yao.

Mabibi na mabwana, mimi nimesoma karatasi nyingi. Kabla ya daftari lile sikuwahi kusoma jambo lililonifanya nisimame kwenye mlango wa benki na kumwuliza mlinzi habari za nyumbani kwake.

Basi akaomba. Mwaka wa kwanza aliomba vyuo vikuu vitatu, mwaka wa pili vitano, mwaka wa tatu saba. Na wenzangu mnaodhani kuomba uzamivu ni kuandika jina na kubandika picha, mmekosea. Wanataka tamko la nia, wanataka sampuli ya maandishi, wanataka vyeti vilivyopigwa muhuri na muhuri uliothibitishwa kwa muhuri. Na wanataka fomu ya mdhamini, yaani mtu anayemjua mwombaji na yuko tayari kumsemea. Mdhamini wake alikuwa mimi.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba maji kidogo.

Ahsante.

Fomu zile zilikuja kwa kompyuta, nami sisomi kwenye kioo, kwa hiyo zilichapwa kwenye karatasi na kuwekwa katika trei. Trei ya kushoto. Sasa niambieni, mtu aliyefanya kazi moja miaka hamsini, ukimwekea karatasi trei ya kushoto, mkono wake utafanya nini? Fomu iliuliza: "Miongoni mwa watu wote uliowahi kuwafahamu, mwombaji yumo katika asilimia moja ya juu, asilimia tano, au asilimia kumi?" Nikaweka alama: "Mwandishi athibitishe. Watu wote, pamoja na marehemu?" Iliuliza: "Je, mwombaji anaweza kufanya kazi peke yake na pia kwa kushirikiana?" Nikaweka alama: "Kwa wakati mmoja?" Maswali ishirini na tisa. Nikatia sahihi, nikamtafuta msomaji wa pili, ambaye kwa staha hakuweza kuwa mwombaji mwenyewe, kwa hiyo alikuwa fundi Kelele, naye akatia sahihi. Fomu zikarudi kwa posta kwa wenyewe, ziandikwe vizuri ili niweze kuzijaza.

Hazikurudi tena. Nilidhani watu wa huko ni wazito wa kazi, kama ofisi nyingine ninazozifahamu.

Nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Fomu kumi na tano.

Naomba mwache kucheka kidogo, kwa maana binti huyu hakuwa anacheka. Mwaka huu alifikisha miaka thelathini na tisa. Alikuwa ameniambia, akiangalia kalamu yangu, "Babu, huu ni wa mwisho. Wakinikataa tena nafunga daftari, nabaki na risiti zangu, sitamsumbua mtu." Na majibu yakaanza kuja. Vyuo sita vilisema maneno mafupi yaliyotemwa na mashine. Cha saba kilimwandikia barua ya ukurasa mzima, imetiwa sahihi na Profesa, Mkuu wa Idara. Aliisoma akiwa amesimama. Akaiweka mezani kifudifudi, akachukua mkoba, akasema anaumwa kichwa, akaenda nyumbani. Saa nne asubuhi. Katika miaka kumi na mmoja hajawahi kuumwa kichwa saa nne asubuhi.

Na feni ilikuwa inazunguka, na trei ya kushoto ilikuwa pale pale chini ya ukingo wa meza.

Nilipoiokota karatasi humo sikujua ni nini. Nilimwita fundi anisomee. Ninyi mnamfahamu fundi: amekaa miaka kumi na minane karibu na mashine kubwa, na kwake yeye kunong'ona ni kule ambako sisi tunaita kupiga mbiu. Akasimama mlangoni akasoma: "MPENDWA MWOMBAJI! TUMESOMA MAOMBI YAKO KWA FURAHA KUBWA!" Ukumbi mzima ukashangilia. "TUNASIKITIKA KUKUARIFU!" Ukumbi mzima ukazima mashine.

Ningeweza kuiacha hapo? Mstari wa tatu ulikuwa umekwisha kusomwa. Kanuni ni kanuni. Na naapa kwenu kwamba barua ile haikuwa na kosa hata moja la herufi. Iliandikwa kwa mkono wa msomi. Lakini maana yake, mabibi na mabwana! Ilisema kwamba mwaka huu waombaji walikuwa wa kiwango cha juu isivyo kawaida. Nikakumbuka kwamba barua ya mwaka jana ilisema hivyo hivyo, na ya mwaka juzi. Nikaweka alama: "Mwandishi athibitishe. Isivyo kawaida kwa miaka mitatu mfululizo?" Ilisema uamuzi huo hauna maana kwamba kazi yake haina thamani. Nikaweka alama: "Basi una maana gani? Sababu imeachwa. Iongezwe." Ilisema wana hakika kwamba atafaulu kwingineko. Nikaweka alama: "Hakika hii imetoka wapi? Na kama ipo, kwa nini kwingineko?" Tukatia sahihi sote wawili. Nikaambatisha kijikaratasi cha kuomba radhi kwa usumbufu, nikaipeleka posta kwa rejesta, na kwenye fomu ya posta, penye aina ya kifurushi, nikaandika kama tunavyoiita karatasi ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa: Prufu ya kwanza.

Zilipita wiki tano. Ikaja prufu ya pili.

Profesa yule, sijui niseme ni mtu wa namna gani. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliisahihisha. "Furaha kubwa" aliifanya "furaha ya wastani." "Isivyo kawaida" aliifuta, akaniomba radhi pembeni kwa mwandiko wake mwenyewe. Na pale nilipoandika sababu iongezwe, aliiongeza. Fundi ndiye aliyesoma. Safari hii tulikuwa stoo ya karatasi, tumejifungia katikati ya rimu ili sauti yake inywewe. Akasoma, "SABABU NI KWAMBA FOMU YA MDHAMINI HAIKUJAZWA, BALI ILIRUDISHWA IKIWA NA MASWALI ISHIRINI NA TISA."

Akaishusha karatasi. Kisha akasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema polepole, "Mzee. Si ni sisi hao?"

Ilikuwa ni sisi. Ilikuwa ni mimi.

Niliketi juu ya rimu za karatasi ya njano mpaka kengele ya jioni. Jioni ile niliijaza fomu. Kuhusu ile asilimia moja, nilikaa nikawaorodhesha watu wote niliowahi kuwafahamu, wakafika elfu mbili na mia tatu, na waliomo katika asilimia moja ya juu ni ishirini na watatu. Nikawapanga. Wa kwanza alikuwa mke wangu, wa pili mama yangu mzazi, wa tatu sista wa misheni aliyenifundisha kushika kalamu kwa mkono uliovunjika. Wa nne alikuwa yeye. Nikaambatisha orodha yote, majina na sababu, endapo mtu atataka kuthibitisha.

Prufu ya tatu ilikiri kupokea fomu, ikaomba radhi, ikasema hata hivyo hakuna mwalimu anayeweza kumsimamia. Niliweka alama: "Mwandishi athibitishe. Kijitabu chenu, ukurasa wa kumi na sita, kinamtaja mwalimu wa riwaya mwenye mwanafunzi mmoja tu, na picha yake inaonyesha mtu mwenye afya." Ikarudi. Prufu ya nne ilikuwa fupi. Ilisema: "Tunasikitika kukuarifu kwamba hatuna tena sababu ya kukukataa." Nikaweka alama moja tu: "Kama sababu haipo, sikitiko ni la nini?"

Sitaficha kwamba katikati ya mambo hayo Profesa alituletea pia sanduku. Mlikuwa na barua mia mbili na kumi na nne za kuwakataa waombaji wengine, na ombi la unyenyekevu kwamba, kwa kuwa sasa ameona, hawezi tena kulala, je, tungezisoma? Tulisoma sitini. Kumi na tisa ziligeuka kuwa barua za kukubaliwa kabla Mheshimiwa Mkurugenzi hajaniita ofisini na kuniambia, kwa upole ambao sitausahau, "Mzee, kalenda za mwaka ujao hazijasomwa." Nilimwomba radhi. Namwomba tena leo mbele ya mashahidi.

Na muda huo wote, binti yangu hakujua kitu. Mafundi arobaini walitunza siri miezi saba, katika kiwanda ambacho mtu akinunua viatu vipya asubuhi, saa nne tayari vimejadiliwa na kukosolewa. Yeye alikuwa amefunga daftari kweli. Wakati wa chakula alikuwa anakula tu. Nilimtazama akila, na sijapata kuona jambo la kuhuzunisha kama hilo.

Prufu ya tano ilipofika, aliikuta yeye kwanza. Niliingia nikamkuta nayo mkononi.

"Babu, hii ni nini?"

"Ni prufu ya tano, binti yangu. Samahani."

"Prufu ya nini?"

"Ya kukataliwa kwako."

"Mbona inasema nimekubaliwa?"

"Ilikuwa na makosa."

Nikamweleza yote, hata yale ya fomu kumi na tano. Nilidhani atacheka, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliiweka barua chini, akaisukuma kwa kidole upande wangu.

"Kwa hiyo mmewachosha. Watu wamesumbuliwa mpaka wakasema, basi mpeni huyo atuache. Siitaki nafasi ya kuchoshana, Babu."

Fundi, ambaye hakuwa amealikwa, akaweka kichwa mlangoni. "DADA, HAWAJACHOKA! ALIYECHOKA NI BABU!"

"Fundi, tafadhali."

"NA MIMI KOO!"

Nilimpa kijikaratasi kilichokuja ndani ya bahasha ile. Nitawasomea, kwa ruhusa yake. Profesa aliandika: "Mlipotaka niandike sababu, nilikwenda kuitafuta katika jalada. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikilikataa jalada ambalo sikuwahi kulifungua. Nilikuwa naangalia kama fomu zimetimia, basi. Sasa nimesoma kazi yake mara mbili. Mara ya pili nilimsomea kwa sauti mzee anayefungua mlango wa jengo letu, naye amekuwa akiniuliza kila asubuhi kama sehemu iliyobaki imekwisha kuandikwa. Sikushindwa na maswali yenu. Nilikosa sababu."

Binti alisoma, akakunja. Kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa kuliko yote.

"Babu. Fomu zangu miaka mitatu. Ilikuwa ni mazoea tu ya mkono?"

Mnaweza kudhani ni rahisi kujibu. Ningesema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimejiuliza mwenyewe mle stoo, juu ya zile rimu. Mtu mwenye akili timamu, aliyezijua fomu maisha yake yote, je, kweli hakujua kwamba fomu hujazwa? Au alijua pia kwamba siku fomu ikijazwa vizuri, kiti cha mbele yake kitabaki bila mtu, naye atarudi kujisomea mwenyewe? Nilimwambia, "Sijui, binti yangu. Nimejaribu kuthibitisha na nimeshindwa."

Akainuka, akatoka. Siku tatu alifanya kazi ujalidi, akibandika migongo ya vitabu, na kunipita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana. Nilistahili.

Siku ya nne akaja mama mzazi. Mama, nisamehe kwa kuyarudia maneno yako, lakini kiwanda kizima kiliyasikia na wewe hukuyasema kwa kunong'ona. Ulisimama kati ya meza za gundi ukamwambia mwanao: "Miaka mitatu unalia juu ya vitambaa vyangu mpaka wateja wanauliza kama vimenyeshewa. Leo umeitwa, unakaa kuchambua nia ya mzee! Huyu alikosa, akajua kakosa, akakitafuta alichokipoteza akakirudisha. Wewe unamjua mwingine aliyewahi kukirudisha? Baba yako alipoteza mwavuli wangu na mpaka leo anasema sikuwahi kuwa na mwavuli!" Kisha ukanigeukia mimi. "Na wewe, shemeji, ungesema tu unataka aje kukusalimu, angekuja."

Hajawahi kuniita shemeji mtu yeyote tangu mke wangu afariki. Sikujua niangalie wapi.

Mchana ule binti alirudi chumbani. Alivuta kiti, akaketi, akaiweka ile barua mezani kati yetu na kuniwekea kalamu nyekundu mkononi. "Tusome," akasema. Akasoma yeye, nikafuatisha mimi, neno kwa neno, mkato kwa mkato: amekubaliwa, kwa miaka mitano, uzamivu wa fasihi ya Kiingereza. Hatukuona kosa. Nilitafuta, namwomba radhi tena, nilitafuta kwa moyo wote. Hapakuwa na kosa. Akatia sahihi, nami nikatia.

Ndugu wageni waalikwa, najua soda zinapata moto. Limebaki jambo moja.

Jumanne iliyopita ilikuja fomu ya mwisho kutoka kwao. Inahusu mdhamini. Mdhamini atatakiwa kutuma taarifa ya mwanafunzi kila mwaka kwa miaka mitano, na mwaka wa tano kuhudhuria siku ya kuitetea tasnifu. Chini kabisa pana swali: "Je, utakuwapo kwa kipindi chote?" Mimi, wenzangu, nina miaka sabini na sita. Daktari wa moyo ana maoni yake, ambayo huyatoa kwa sauti ya chini huku akiangalia dirisha. Hilo ni swali ambalo, lingeulizwa mtu mwingine akajibu bila ushahidi, ningemwekea alama nyekundu bila kusita.

Nilikaa nayo asubuhi nzima. Sikuirudisha. Niliandika, kwa wino: "Ndiyo." Nikatia sahihi, nami sina hakika hata chembe na nilichokitilia sahihi.

Kwa hiyo, binti yangu, nakuomba radhi kwa kukuharakisha, na ni aibu mtu kumuaga msafiri kwa kumtajia saa. Waandike wote mia nne na kumi na wawili, na kila mmoja mpe haki yake. Soma usiku, soma mchana, sumbua maktaba, mbishie Profesa. Akikosa, mwekee alama. Lakini wamesema miaka mitano. Tafadhali sana, mwanangu, isiwe sita.

Mmeketi juu ya rimu za karatasi muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mkamsikiliza mzee hadi mwisho. Nawashukuru kwa masikio yenu yote, na Mungu awalipe.